Mababu Saba wa Niels

Chai ya kuniaga mliyoniandalia ilikuwa nzuri, na keki pia, ingawa jina langu mliliandika kwa makosa juu yake. Mimi ni Zuwena, si Zuweina. Watu wa ofisi ya nasaba wakikosea jina juu ya keki, anayestaafu lazima aondoke na wasiwasi. Basi nimekubali mlichoniomba: niandike kidogo habari za miaka yangu pale juu ya duka la magari Wattaya, ili nyinyi mliobaki mjue kazi ilikuwa ikifanywa vipi, na kosa langu kubwa mlisikie kutoka kwangu mwenyewe kabla hamjasimuliwa na mwengine.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ofisi ilikuwa vyumba viwili, tarjuma mbele na nasaba nyuma, na chini yetu magari mapya yaliyong'aa ambayo hakuna aliyekuja kwetu akayanunua. Mwenye ofisi, Maalim Said, alikuwa amesomesha hesabu Unguja kabla ya kuhamia Oman. Siku yangu ya kwanza nilikwenda nimevaa buibui jipya na nimevifunga vyeti vyangu kwenye bahasha. Bahasha hakuifungua. Alinipa daftari na penseli.

"Anza na wewe," akanambia.

"Mimi nani, Maalim?"

"Ndilo hilo nnalokuuliza."

Nikaandika: Zuwena binti Juma bin Hamed bin Salum. Hapo nikakwama, ikabidi nimpigie simu baba yangu kwa simu ya ofisi, naye akanitajia wanne waliobaki haraka haraka kama anayesoma orodha ya sokoni. Maalim alisoma majina yangu saba, akaridhika, akalifunga daftari. Hakuna aliyeuliza kitu kingine, na mimi sikuona kwamba kuna kitu kimekosekana. Kisha akanipa kanuni ambayo mmenisikia nikiirudia mpaka mkaanza kuniigiza: penseli kwanza, wino mpaka karatasi mbili zisizojuana ziseme neno moja.

Kazi yenyewe mnaijua. Waliokuja kwetu wengi walikuwa watu wetu waliotoka Unguja na Pemba, ambao karatasi zao zilibaki nyuma, au ziliungua, au ziliandikwa na karani aliyesikia anavyotaka yeye. Niliwahi kupata ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, kila mmoja na babu yake mbali kwenye cheti. Vifaa vyetu vilikuwa kioo cha kukuzia, kadi za manila, na faksi iliyokuwa ikila karatasi kila Jumamosi. Lakini kifaa bora kilikuwa bibi kizee mwenye kinyongo. Ukitaka kujua nani ni mtoto wa nani, usiulize nani amezaliwa wapi. Uliza nani hakualikwa kwenye harusi. Utapewa ukoo mzima, na tarehe, na rangi ya kanga.

Miaka mitano ikapita hivyo. Maalim Said akatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na chumba cha nyuma kikabaki mikononi mwangu. Chumba cha mbele alikuwapo Rahma, mpiga chapa wetu, msichana mwepesi wa vidole na mwepesi zaidi wa kucheka. Wazazi wake walifariki yeye mdogo, akalelewa na babu yake mzaa baba, Babu Nassor, aliyekwishafiwa na mkewe, katika nyumba moja ya Maskati, mjini kwenyewe, kati ya zile chache zilizokuwa bado zina watu. Babu Nassor ndiye aliyemsuka nywele, akampeleka skuli, akajifunza kupika uji kwa ajili yake. Mpaka Rahma anafika miaka ishirini na sita, yule mzee alikuwa bado hali chakula cha mchana mpaka asikie gari iliyomrudisha.

Siku moja Rahma alinifuata chumba cha nyuma, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Bi Zuwena, kuna mtu anataka kunposa."

"Alhamdulillahi. Wa nani?"

"Ndiyo tabu yenyewe."

Mtu mwenyewe alikuwa Niels, daktari wa ng'ombe, Mdenmark, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la maziwa nje ya mji. Alikuwa amekaa Iringa miaka minne, akajifunza Kiswahili hukohuko zizini, na alikuwa ameshasilimu kabla hajamjua Rahma. Walijuana kaunta yetu, alipoleta vyeti kutarjumiwa. Siku alipokuja kwangu aliniamkia, "Shikamoo mama, habari za mifugo?" Nikamwambia mifugo yangu ni karatasi, haijambo.

Alikuwa ameshakwenda kwa Babu Nassor, na mzee hakukataa. Watu wetu hawakatai mgeni usoni. Alimkaribisha halua na kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia: "Mwanangu, mimi sina neno na dini yako wala kazi yako. Lakini nimekuuliza wewe nani, umenambia Niels wa Denmark. Hiyo anwani, si nasaba. Niletee mababu saba, kisha tuzungumze."

Kila aliyekulia nyumba zetu anajua maana yake. Ni "hapana" iliyovishwa nguo za Idi. Mzee hakutegemea kuona hata mababu watatu. Niels, ambaye Iringa walimfundisha ng'ombe lakini hawakumfundisha adabu ya kukataliwa, alidhani ameombwa mababu saba. Akaja kwangu kuwatafuta.

Nilikubali kwa sababu ya Rahma, na pia, niseme kweli, kwa sababu ya kiburi. Nilikuwa nimewapata watu kwenye makabrasha yaliyoliwa na mchwa; wakulima wa Denmark, ambao makasisi wao waliwaandika walipozaliwa, walipooana na walipokufa, wangenishinda kwa lipi? Niels alikuwa na shangazi yake Jutland, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akienda nyumba ya nyaraka kila Jumanne, akitoa nakala za kurasa tulizomwomba na kututumia kwa faksi. Vitabu vilikuwa vya namna mbili. Kimoja cha kanisa, cha mtaa mmoja mmoja. Kingine cha kuhesabu watu, ambacho serikali yao ilipita nyumba hadi nyumba ikaandika nani analala humo, umri wake, kazi yake, na kama ni mke, mtoto, mtumishi au mzee wa kulishwa. Mwandiko wake una mikia na makucha. Shangazi alinitumia karatasi ya herufi, nikaibandika ukutani, nikajifunza kama mtoto wa chuo cha Qur'ani. Walikuwa na herufi o waliyoichanja kwa mstari. Wiki nzima nilidhani karani alikuwa akiifuta.

Niels aliitwa Niels Kristensen. Baba yake Aage Kristensen, babu yake Søren Kristensen, baba wa babu Peder Kristensen, wote wafugaji. Hawa watatu shangazi aliwajua kwa kichwa. Nikamwomba anitumie kurasa za kina Kristensen wa mtaa ule, za kuhesabiwa watu, na akanitumia hizohizo nilizoomba. Nikapata nyumba ya mkulima aitwaye Lars Kristensen, na chini yake watoto wameandikwa kwa jina moja moja tu, na mmoja wao Peder, umri uleule. Nikashangilia peke yangu. Juu ya Lars nikapata Kristensen mwengine aliyelingana kwa umri, juu yake mwengine, na juu yake mwengine. Miezi mitatu nikawa na saba, wamepangika kama sahani kabatini.

Karatasi mbili zisizojuana sikuwa nazo. Nilikuwa na karatasi za aina moja, za kitabu kimoja, na hamu. Lakini Rahma alikuwa akipita mlangoni kwangu kila saa na jicho la kuuliza, na nilijiambia kwamba kwa Wazungu jina la ukoo ni jina la ukoo, halina ujanja. Nikachukua kalamu ya wino.

Tulikwenda Maskati mimi, Niels na Rahma, Ijumaa baada ya sala. Babu Nassor alivaa miwani, akasoma orodha yangu kwa sauti.

"Kristensen. Kristensen. Kristensen. Kristensen." Akanitazama juu ya miwani. "Hawa hawana jina jengine?"

"Ndiyo desturi yao, Babu. Jina la ukoo halibadiliki."

"Utasema mtu mmoja katia saini mara saba." Lakini aliisoma tena, kwa sababu alikuwa ametoa ahadi na mgeni alikuwa ameitimiza. Mzee yule hakuwa mtu wa kurudi nyuma na neno lake. Akamtazama Rahma muda mrefu, kisha akasema, "Kheri, in shaa Allah." Ndoa ikapangwa baada ya Idi. Serikali nayo ilikuwa na kibali chake cha kuolewa na mgeni, lakini hiyo ni njia nyingine na ilikwenda vizuri.

Zilibaki wiki tatu. Rahma alikuwa ameshaanza kununua udi. Kwa ajili ya kukamilisha faili, na si kwa sababu nyingine, nilimwomba shangazi ukurasa wa kanisa wa kubatizwa kwa Peder. Faksi ikautoa polepole, nikauweka chini ya kioo. Peder, mtoto wa mkulima Kristen Andersen na mkewe Ane Pedersdatter.

Kwanza nilimlaumu kasisi. Baba wa Kristensen ataitwaje Andersen? Nikashuka mstari wa pili, wa tatu, ukurasa mzima. Kila baba alikuwa na mke, na hakuna mke hata mmoja mwenye jina la mumewe. Mke wa Kizungu asiyeitwa kwa jina la mume nilikuwa sijamwona maishani. Lakini mke wa aina hiyo nilikuwa nikimjua vizuri sana, maana nilikuwa mimi. Nimeolewa na Khalfan miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniita Bi Khalfan. Mimi ni binti Juma. Na huyu Ane alikuwa binti Peder, na mumewe Kristen alikuwa bin Anders, na Peder aliitwa Kristensen kwa sababu moja nyepesi ambayo mtoto yeyote wa chuoni pale Ruwi angenieleza: Peder bin Kristen. Ile "sen" ilikuwa "bin". Jina liligandia kwa Peder tu, baada ya serikali yao kutaka majina yakae mahali pamoja. Kabla ya hapo walikuwa wakiitwa kama sisi.

Nilicheka, kisha nikalia. Watu wote duniani wangeweza kukosea kosa lile isipokuwa watu wetu, na mimi, kwa kuwadhania Wazungu ni Wazungu siku zote, nimelikosea. Shangazi nilipompigia simu alisema, na Niels akanitafsiria huku amejishika kichwa, "Nilidhani mnajua. Nilidhani nyinyi ndio mtakaojua."

Nikaanza upya, kwa penseli. Kristen Andersen alipatikana Jumanne ile ile, kwenye vitabu viwili. Baba yake Anders, vitabu viwili. Nikamwomba shangazi ubatizo wa Anders, na ukurasa ulipokuja ulikuwa na neno nisilolijua, jina la mama peke yake, Maren Jensdatter, na pembeni kwa herufi ndogo jina la kibarua ambaye yule mama alimtaja kuwa ndiye baba, na ambaye mwenyewe alikuwa ameshahama mtaa. Niliuliza lile neno. Jibu lilikuja kwa maneno matatu: nje ya ndoa.

Hapo nikakaa na kalamu mbili mbele yangu. Mnajua neno hilo lina uzito gani kwenye nyumba zetu. Babu wa tano hana baba. Na ile orodha ya wino, nzuri, iliyosafishika, ilikuwa ndani ya Qur'ani ya Babu Nassor.

Nilimwambia Rahma kwanza, maana aliyekuwa na cha kupoteza ni yeye. Alinisikiliza huku anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

"Wino ushakauka, Bi Zuwena," akasema. "Nani atakwenda Denmark kuchungulia?"

"Hakuna."

"Basi liache. Nnakuomba. Babu akisikia atasema hapana, na mimi siwezi kutoka nyumba ile kwa ugomvi. Nnamjua yeye peke yake. Nkimkosa Niels ntalia. Nkimkosa Babu ntakuwa sina mtu."

Niels ndiye aliyemjibu, jioni ile, alipokuja kuchukua tarjuma ya kibali cha serikali. Hakuwa msemaji, na Kiswahili chake cha zizini hakikuwa na maneno ya kupamba. "Rahma," alisema, "karatasi ile si ya kwangu. Ni ya Lars, jirani. Nikioa kwa karatasi ile, aliyekuoa ni mtoto wa jirani." Rahma akacheka katikati ya machozi, na ndiyo ruhusa niliyoipata.

Nilikwenda Maskati peke yangu asubuhi. Kosa lilikuwa langu na sikutaka mtu wa kujificha nyuma yake. Babu Nassor alikuwa barazani ndani, anachambua mchele wa Rahma, kama alivyofanya miaka yote. Nilimbusu mkono, nikakaa, nikamwambia kila kitu bila kupumzika: ile "sen", Lars wa jirani, penseli na wino, mpaka kwa Anders na lile neno. Mikono yake iliacha kuchambua nilipofika kwa Anders.

"Baba yake alijulikana?"

"Mama alimtaja. Mwenyewe alishaondoka."

"Na mtoto kalelewa na nani?"

Nilikuwa na ukurasa wa kuhesabiwa watu, nikautoa. Nyumba ya mkulima Jens. Jens, mjane. Mtoto wake Maren. Na chini, Anders, umri miaka saba, na karani, ambaye kazi yake ni kueleza kila mtu ni nani, akaandika: mjukuu.

"Mjane," akasema Babu.

"Mjane, Babu. Kwenye hesabu iliyofuata Maren ameshakufa. Wamebaki wawili, Jens na mjukuu. Na shamba akamwachia yeye."

Kutoka ndani ilisikika redio ya Rahma aliyoisahau kuizima alipokwenda kazini. Mzee hakuwa akiizima kwa sababu ni ya mjukuu wake. Nilidhani anatafuta maneno mazuri ya kunambia hapana. Nilikuwa nimeshajiandaa kuyapeleka Wattaya.

"Andika," akasema.

Nikatoa penseli.

"Mtoto kama huyo sharia yamwita kwa mama yake. Sijafanya mimi, imefanya sharia. Na kuitwa kwa mama si kukosa nasaba. Tunaye Mtume mmoja, amani iwe juu yake, hatumwiti kwa mwengine ila kwa mama yake, Maryam. Sisemi ni mamoja, astaghfirullah. Nasema jina la mama hubeba nasaba." Akanyoosha mkono wake wa kulia. "Haya hesabu, nisikie."

Nikahesabu naye akikunja vidole. "Niels bin Aage. Bin Søren. Bin Peder. Bin Kristen. Bin Anders." Mkono wa kwanza ukaisha. Akanyoosha wa pili. "Bin Maren. Binti Jens."

Alivitazama vidole vyake, vitano na viwili.

"Nilimwomba saba," akasema Babu Nassor. "Kaleta saba. Na huyu wa mwisho nnamfahamu." Kisha akaurudia mchele wake, na baada ya muda akaongeza, bila kuinua kichwa: "Mwambie Rahma arudi mapema leo. Na ile karatasi ya jirani, mrejeshee mwenyewe."

Walioana baada ya Idi. Shangazi wa Jutland alikuja, akala pilau kwa mkono, na alikaa na Babu Nassor saa nzima wakizungumza mambo ya ng'ombe, kila mmoja kwa lugha yake. Binti yao wa kwanza aliitwa Maryam. Mzee alimpakata miaka miwili kabla hajaondoka duniani.

Miaka hiyo iliyofuata, kama mnavyojua, kurasa za Denmark zikaingia kwenye kompyuta na hakuna tena anayengoja Jumanne. Mnapata kwa dakika moja nilichokipata kwa mwezi. Msipende sana. Dakika moja ni muda mzuri wa kukosea.

Siku ile niliyotoka kwa Babu Nassor sikwenda ofisini moja kwa moja. Niliegesha gari njiani, nikalitoa lile daftari la siku yangu ya kwanza, ambalo lilikuwa halitoki kwenye mkoba wangu, nikafungua ukurasa wa mwanzo. Zuwena binti Juma bin Hamed bin Salum, na wanne wa simu. Majina saba ya wanaume. Mama yangu, aliyeniosha, akanisomesha Juzuu Amma, akauza pete yake nipate sare ya skuli, hakuwamo. Mama yake alikuwa mkulima wa Makunduchi, na kwa baba yangu watu wa Makunduchi hawakuwa watu wa kuandikwa. Miaka yote hiyo niliwaandikia wengine mpaka waliokufa, na yeye, aliyekuwa hai Al Khuwair akiningoja na chakula cha mchana, sikumwandika.

Karatasi mbili zisizojuana nilikuwa nazo: cheti changu cha kuzaliwa, na uso wangu kwenye kioo cha gari. Nikatoa kalamu ya wino, nikaandika: na Asha binti Mwinyi Kombo.